Virginia McKenna: Mwigizaji ambaye filamu moja ya simba ilimbadilishia maisha

Na Mwandishi Wetu, Mbulu

KWA mkazi wa Yaeda Chini, wilayani Mbulu, simba si mnyama wa kwenye picha. Mfugaji wa Kidatoga hulala huku sikio lake likiwa zizini, na alfajiri huhesabu mbuzi kabla ya kushughulika na jambo jingine lolote.

Mhadzabe naye, anayeishi kwa upinde, asali na mizizi, humjua simba kama mwindaji mwenzake. Zipo nyakati ambapo Wahadzabe huwafukuza simba kwenye windo lao na kujitwalia nyama.

Katika mila za Wadatoga, kijana aliyemuua simba kwa mkuki alihesabiwa shujaa, na jamaa zake walimtunza ng'ombe. Simba alikuwa adui wa watu na mifugo, na aliyemwondoa alistahili shukrani ya ukoo mzima.

Hata hivyo, yupo simba jike mmoja wa Afrika Mashariki ambaye alipewa jina, akaandikiwa kitabu, na kuliliwa na watu wa Ulaya na Marekani ambao hawajapata kukanyaga nyika. Jina lake ni Elsa.

Aliyelisaidia sana jina hilo kuenea ni mwigizaji wa Kiingereza, Virginia McKenna, ambaye kabla ya mwaka 1964 alijulikana kwa kazi zake katika majumba ya maonesho ya London na katika filamu za vita. Kisa cha maisha yake ya kazi kina mafunzo hata kwa watu wa Yaeda Chini, kwa sababu kinagusa swali wanalolijua vizuri: nani ampende simba, na nani alipe gharama ya upendo huo?

Alivyoanza

McKenna alizaliwa London, Juni 7, 1931. Sehemu ya utoto wake, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ilipita Afrika Kusini, kisha akarejea Uingereza na baadaye kujiunga na chuo cha uigizaji cha Central School of Speech and Drama.

Kama waigizaji wengi wa Kiingereza wa zama zake, hakuanzia kwenye filamu. Alikwenda kwanza Dundee, mji wa Scotland, katika kikundi cha maigizo ambacho kilibadilisha mchezo kila baada ya muda mfupi. Utaratibu huo ulimlazimu mwigizaji kijana kukariri maneno mapya huku akiendelea kuigiza ya zamani.

Mwaka 1951 alipanda jukwaa la London katika mchezo wa Shakespeare uitwao The Winter's Tale, akiwa pamoja na John Gielgud, mmoja wa waigizaji waliokuwa wakiheshimiwa kuliko wote Uingereza. Miaka mitatu baadaye alikuwa Old Vic, jumba ambalo kwa mwigizaji wa Kiingereza lilikuwa kama cheti cha kuhitimu.

Katika filamu, alianza kuonekana mwaka 1952, na mwaka uliofuata alikuwamo katika The Cruel Sea, filamu ya mabaharia wa vita. Kilichompandisha ngazi ni A Town Like Alice ya mwaka 1956, inayosimulia wanawake waliotembezwa kwa miguu na askari wa Japani huko Malaya. Kwa nafasi hiyo alipewa tuzo ya mwigizaji bora wa kike wa Uingereza, inayotolewa na chuo cha filamu cha nchi hiyo, BAFTA.

Mwaka 1958 aliigiza tena kisa cha kweli, katika Carve Her Name with Pride. Humo alikuwa Violette Szabo, jasusi mwanamke wa Uingereza aliyekamatwa na Wajerumani na kuuawa katika kambi ya Ravensbrück mwaka 1945.

Ukizitazama filamu hizo mbili pamoja, utaona aina ya mtu ambaye McKenna alikuwa akipewa kumwigiza: mwanamke mpole wa sura, lakini asiyevunjika. Sifa hiyo ndiyo iliyohitajika baadaye nyikani.

Mwaka 1957 aliolewa na Bill Travers, mwigizaji mrefu, mwenye mabega mapana, mzaliwa wa Sunderland. Travers alikuwa amepigana katika vita hiyo ya dunia akiwa na askari wa Kigurkha, na alikuwa amejipatia jina mwaka 1955 kwa filamu iitwayo Geordie. Wawili hao waliigiza pamoja mara kadhaa, ikiwamo katika filamu ya kuchekesha ya mwaka 1957, The Smallest Show on Earth.

Elsa ni nani?

Mapema mwaka 1956, George Adamson, ofisa wanyamapori wa serikali ya kikoloni ya Kenya, alimpiga risasi simba jike aliyemshambulia katika eneo la kaskazini mwa nchi hiyo. Baadaye aligundua sababu ya hasira ya mnyama huyo: alikuwa akilinda watoto watatu.

Adamson aliwachukua watoto hao hadi kwa mkewe, Joy. Wawili walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Wa tatu, aliyekuwa mdogo kuliko wenzake, alibaki, akaitwa Elsa.

Akina Adamson walimlea, kisha wakafanya jambo ambalo wengi walidhani haliwezekani. Walimfundisha kuwinda na kumwachia porini katika eneo la Meru, ambako alipata mume na kuzaa watoto watatu. Elsa alikufa Januari 1961 kwa ugonjwa unaoenezwa na kupe, na kaburi lake lipo Meru.

Kitabu cha Joy kuhusu kisa hicho, Born Free, maana yake "Aliyezaliwa Huru", kilitoka mwaka 1960 na kuuzwa kwa mamilioni ya nakala. Haikuchukua muda watengenezaji wa filamu wakabisha hodi.

Naro Moru

McKenna na mumewe walikubali kuwaigiza Joy na George Adamson. Mwaka 1964, wakiwa na watoto wao, walifika Kenya, nchi iliyokuwa imepata uhuru Desemba mwaka uliotangulia. Kambi ya filamu ilikuwa Naro Moru, chini ya Mlima Kenya.

Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Mwigizaji wa jukwaani anaweza kujifanya mfalme, mlevi au maiti, na mwenzake akajifanya kuamini. Simba hajui kujifanya. Akimwogopa mtu au akimchoka, huonesha papo hapo, na kamera huona.

Watayarishaji walikuwa wameleta kutoka Ulaya simba waliofundishwa kazi ya sarakasi. Ilionekana upesi kuwa hao hawakufaa, kwani mnyama aliyezoea amri na fimbo hawezi kumkaribia mtu kwa hiari, na hakuna aliyeweza kujua lini angegeuka.

Ikaamuliwa watumike simba ambao hawakufundishwa chochote, wengi wao yatima waliolelewa na watu. George Adamson mwenyewe aliajiriwa kama mshauri. Kazi ya waigizaji ikawa kuishi na wanyama hao, kutembea nao kila siku na kusubiri wawazoee.

Haikuwa kazi salama. Siku moja simba alimrukia McKenna, akamwangusha na kumvunja kifundo cha mguu. Alipopona alirudi kazini.

Kwa mtazamo wa ufundi wa uigizaji, jambo hilo lilikuwa na maana kubwa. Mapenzi yanayoonekana katika filamu hiyo kati ya binadamu na simba hayakutokana na maandishi tu. Yalikuwa matokeo ya miezi ya kujuana, na kamera ilikuwa ikipita tu kuyachukua.

Filamu ilioneshwa kwa mara ya kwanza London, Machi 1966. Mwaka uliofuata ilipata tuzo mbili za Oscar, zote za muziki, uliotungwa na John Barry.

Ndani yake waliigiza pia Waafrika, kina Peter Lukoye na Omar Chambati, waliochukua nafasi za Nuru na Makedde, wasaidizi wa akina Adamson. Lakini nafasi zao zilikuwa ndogo. Mtazamaji wa ng'ambo alitoka sinema akimjua Elsa, wala hakuwajua watu ambao nchi hiyo ilikuwa yao.

Baada ya kamera kuzimwa

Mwisho wa filamu ni wa furaha: Elsa yuko huru na amekuja kuwaonesha walezi wake watoto aliowazaa. Mwisho wa simba walioigiza ulikuwa tofauti.

Kazi ilipokwisha, sehemu kubwa ya simba hao waligawanywa kwa bustani za wanyama. Wapo waliopelekwa Whipsnade, Uingereza. McKenna na mumewe, pamoja na akina Adamson, waliomba waachiwe huru, lakini waliofanikiwa kurudi porini walikuwa watatu tu: Boy, Girl na Ugas, ambao George Adamson alikwenda nao Meru.

Hapa ndipo maisha ya kazi ya McKenna yalipogeuka. Alikuwa amelipwa kujifanya anamwachia simba. Watu duniani kote walikuwa wameamini. Naye alijua kwamba simba waliomsaidia kuusema uongo huo mtamu walikuwa nyuma ya nondo.

Yeye na mumewe hawakuacha uigizaji. Waliendelea, ikiwamo filamu ya Ring of Bright Water ya mwaka 1969. Hata mwaka 1979 McKenna alikuwa bado na nguvu za jukwaani, alipoigiza London pamoja na Yul Brynner katika mchezo wa nyimbo The King and I, na kupata tuzo ya mwigizaji bora wa kike wa michezo ya muziki katika majumba ya West End.

Lakini Travers alianza kutumia muda mwingi zaidi kutengeneza filamu za kweli kuhusu wanyama. Ya kwanza, The Lions Are Free, ilieleza yaliyowapata simba wa Born Free.

Nyingine ilihusu simba dume aitwaye Christian, ambaye vijana wawili wa Australia walimnunua katika duka kubwa la Harrods, London, mwaka 1969, na kumfuga katika duka la samani. Travers aliingia dukani humo kama mteja, akamkuta simba. Kupitia kwake, Christian alisafirishwa hadi Kora, Kenya, mwaka 1970, akakabidhiwa kwa George Adamson. Picha za Christian akiwakumbatia vijana hao walipomtembelea mwaka 1971 zilisambaa upya kwenye intaneti mwaka 2008.

Tembo aitwaye Pole Pole

Tukio lililomaliza ubishi moyoni mwa McKenna halikuhusu simba. Mwishoni mwa miaka ya 1960 yeye na mumewe walitengeneza filamu nyingine Kenya, An Elephant Called Slowly. Mmoja wa waigizaji wake alikuwa mtoto wa tembo aliyekamatwa ili apelekwe kama zawadi katika bustani ya wanyama ya London. Jina lake lilikuwa la Kiswahili: Pole Pole.

Filamu ilipokwisha, waliomba wamnunue ili abaki Kenya. Walielezwa kuwa hilo linawezekana, ila tembo mwingine mchanga angekamatwa kuziba nafasi yake. Hawakutaka familia nyingine ya tembo ivunjwe, hivyo walikubali aondoke.

Miaka ikapita. Walipomtembelea London mwanzoni mwa miaka ya 1980, tembo huyo alinyoosha mkonga kuwaelekea. Mwaka 1983, katika harakati za kumhamisha, alipewa dawa ya usingizi, hakuweza kusimama sawasawa tena, na uamuzi ukatolewa auawe. Alikuwa bado kijana kwa umri wa tembo.

Mwaka 1984 McKenna, Travers na mtoto wao mkubwa wa kiume, Will, walianzisha Zoo Check, chombo cha kuchunguza hali ya wanyama waliofungiwa. Mwaka 1991 chombo hicho kilichukua jina la filamu iliyowafikisha hapo, kikawa Born Free Foundation.

Wenye bustani za wanyama wana hoja zao, ikiwamo kwamba zipo aina za wanyama ambazo zisingekuwapo leo bila kuzalishwa bustanini. Mjadala huo haujakwisha. Jambo lisilo na ubishi ni kwamba sauti ya mwigizaji anayejulikana iliufikisha mjadala mahali ambapo ripoti za wataalamu hazikufika.

Travers alifariki dunia Machi 29, 1994. McKenna aliendelea na kazi hiyo, na mwanzoni mwa mwaka 2023 alitunukiwa heshima ya "Dame", ambayo ni miongoni mwa heshima za juu nchini kwao. Safari hii haikutolewa kwa uigizaji, bali kwa kazi ya kutetea wanyamapori.

Sehemu ya kisa isiyokumbukwa

Wengi wanaomkumbuka Elsa hawakumbuki yaliyowapata watoto wake, na hapo ndipo kisa hiki kinapoingia nchini mwetu.

Mama yao alipokufa, simba hao watatu, Jespah, Gopa na Elsa Mdogo, walikuwa hawajajua kuwinda vizuri. Walianza kuvamia mbuzi wa wanakijiji. Wenye mbuzi wakajitetea, na Jespah akapigwa mshale ambao ncha yake ilibaki mwilini.

Ilibidi wakamatwe na kuhamishwa. Mwaka 1961, miezi kadhaa kabla ya uhuru wa Tanganyika, walisafirishwa kwa gari hadi Serengeti na kuachiwa. Kwa hiyo, kizazi cha simba maarufu kuliko wote duniani kilimalizikia upande wetu wa mpaka, na sababu yake ilikuwa mbuzi.

Sehemu hiyo ilisimuliwa katika filamu ya pili, Living Free ya mwaka 1972, ambayo McKenna na mumewe hawakuigiza. Haikupata umaarufu wa ile ya kwanza.

Kuna tukio zito zaidi. Boy, mmoja wa simba nyota wa Born Free, alikuwa pamoja na Adamson huko Kora mwaka 1971 alipomuua Stanley, mfanyakazi Mkenya wa kambi hiyo. Adamson, aliyempenda simba huyo kama mwanawe, alimpiga risasi kwa mkono wake mwenyewe.

Akina Adamson nao hawakuuawa na simba. Joy alipokutwa amekufa huko Shaba, Januari 1980, ilidhaniwa kwanza kuwa ni kazi ya simba, kumbe alikuwa ameuawa na binadamu. George aliuawa na majambazi Kora, Agosti 20, 1989, pamoja na wafanyakazi wake wawili.

Yaeda Chini inahusikaje?

Mtu wa Yaeda Chini anaweza kuuliza kwa haki: mbuzi wa wale wanakijiji walilipwa na nani? Hakuna filamu iliyotengenezwa kwa ajili ya mbuzi.

Bonde la Yaeda limewahi kuonja uzito wa mapenzi ya wageni kwa wanyama wa Afrika, kwa namna nyingine. Mwaka 2007 kampuni ya uwindaji kutoka Falme za Kiarabu ilitaka eneo hilo liwe kitalu chake. Wahadzabe, ambao idadi yao ni zaidi kidogo ya elfu moja, walipinga, sauti yao ikasikika hadi nje ya nchi, na mwishoni mwa mwaka huo kampuni ikajiondoa.

Mwaka 2011 Wahadzabe walipata hatimiliki ya kimila ya zaidi ya hekta 20,000 za ardhi yao. Vijiji vya bondeni humo, vikiwamo Mongo wa Mono na Domanga, viliingia pia katika mradi wa hewa ukaa, ambamo wanakijiji hulipwa kwa kutunza misitu badala ya kuifyeka. Msitu unapobaki, wanyama nao hubaki, simba wakiwamo.

Kwa upande wa hasara, serikali ilitunga mwaka 2011 kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi kwa watu walioharibiwa mali, kujeruhiwa au kufiwa kutokana na wanyama wakali. Majina yenyewe yanajieleza: hufuta jasho na machozi, lakini hayarudishi thamani yote ya kilichopotea.

Ndiyo maana kinga imeonekana kuwa bora kuliko pole. Katika Wilaya ya Simanjiro, mkoa huuhuu wa Manyara, wafugaji wamejenga maboma ya "ukuta hai", yaani waya ulioshikwa na miti iliyopandwa ikachipua, ambayo simba huyapenya kwa taabu. Nchini Kenya, taasisi aliyoianzisha McKenna iliingia katika kazi ya namna hiyohiyo mwaka 2010, ikiwasaidia wafugaji wa Kimasai karibu na Amboseli kuimarisha maboma yao.

Hatua hiyo ya mwisho inastahili kutazamwa vizuri. Taasisi iliyozaliwa na filamu kuhusu simba mmoja ilijikuta, zaidi ya miaka arobaini baadaye, ikijenga mazizi ya mbuzi. Ilichukua muda wote huo kwa kisa cha Elsa kumfikia mtu aliyekuwa pembeni ya picha tangu mwanzo.

McKenna alifanya kile ambacho mwigizaji mzuri hufanya: alimfanya mtu wa mbali amwonee huruma kiumbe ambaye hajapata kumwona. Hiyo si kazi ndogo. Lakini usiku unapoingia Yaeda Chini, anayebaki na simba ni mfugaji na zizi lake, na simba huyo ataishi au atakufa kutegemea kama mbuzi watakuwa wametimia asubuhi.